Mgongo Niliousitiri

Mwaka huu wamenijia wanawake watatu, na wote watatu wamepita mlango wa nyuma. Wa kwanza alitoka kisiwani Ndau, na mtoto wa miezi mitano aliyemfunika kanga mbili katika joto la Machi. Hakusema kilichomleta mpaka alipomaliza kahawa vikombe viwili. Kisha akamlaza mtoto kifudifudi mapajani pake, akanambia, "Bi Mwanaisha, nambiwa wewe wayua mambo ya mgongo."

Nayajua, ndiyo. Nimeyajua kwa gharama ya mguu wa mwanangu, na ndiyo maana nimeona niyaandike, kwa hati hizi za Kiarabu nilizofunzwa chuo cha Kurani, ili asiyeweza kuja kwangu naye asomewe. Mimi si daktari. Nikitaja jambo la udaktari, basi nimelisikia tu, na huenda nimelisikia vibaya. Nitakalolisema kwa uhakika ni lile nililolifanya kwa mikono yangu mwenyewe.

Mwanangu Barke alizaliwa nyumbani kwetu kisiwani Amu, masika ya mwaka wa hamsini. Alitoka analia vizuri, na vidole vyake vyote vilikuwa mahali pake. Mkunga alipokuwa akimwosha aliniita nitazame. Chini kidogo ya kiuno, katikati ya uti, palikuwa na kishungi cha nywele nyeusi, laini, zenye urefu wa kidole. Mama mkwe wangu, Bi Zaina, alisogeza taa, akazitazama kwa muda.

"Hizi ni nywele za tumboni," akasema. "Siku ya saba zitatoka pamoya na za kitwa."

Na siku ya saba zilitoka. Mbuzi wa akika alichinjwa, mtoto akanyolewa kichwa na wembe mpya, akapakwa zafarani. Wageni walipotoka chumbani, mkunga akamgeuza akamnyoa na mgongo. Nywele zote zikawekwa kwenye mzani, na fedha ya uzito wake ikatolewa sadaka. Nilifurahi kwamba za mgongoni zimeongeza uzito. Nilidhani mwanangu ameanza dunia kwa sadaka kubwa kuliko ya wenzake.

Siku ya arubaini zilikuwa zimerudi.

"Mwana mke husitiriwa," alinambia mama mkwe. "Watu wakiziona watanena, na neno likitoka ndee halirudi ndani. Huyu kesho ataposwa."

Sitara kwetu ni jambo kubwa, na sikatai mpaka leo kwamba ni jambo jema. Mtu husitiriwa hata akifa. Watu husema aibu ya maiti aijuaye ni mwosha. Ya Barke tuliijua watatu tu, mimi, mama mkwe na mkunga. Baba yake, Shee, hakuijua, kwa sababu kumwosha mtoto wa kike si kazi ya mwanamume. Wembe uliwekwa kwenye kidaka cha ukutani, nyuma ya chupa ya marashi ya halwaridi, na kila mwisho wa mwezi, Alhamisi, baada ya kuoga, nilimnyoa. Alizoea. Alipofika miaka mitatu alikuwa akilala kifudifudi mwenyewe, akisubiri, huku akicheza na ushanga wangu wa kuhesabia tasbihi.

Alichelewa kutembea. Hilo halikututia hofu, maana Bi Zaina alisema Shee naye alikaa kitako mpaka watoto wa mtaa wakamwita Mtungi. Lakini Barke alipotembea, mguu wa kushoto ulikuwa ukiburuta ncha. Kiatu cha kushoto kiliisha mbele na cha kulia kikabaki kipya. Kufikia miaka minne nyayo zake zilikuwa saizi mbili, na Shee akawa ananunua jozi mbili za makubadhi kila Idi, moja kubwa na moja ndogo. Yale yaliyobaki niliyafunga kwenye kitambaa nikayaficha juu ya kabati. Hata viatu nilivificha.

Siku moja nilikuwa nikichoma samaki uani. Barke alipita akakanyaga kaa lililoanguka. Nilisikia harufu kabla ya kumsikia yeye. Alisimama pale pale juu ya kaa, akageuka akaniuliza, "Mama, ni nini chanuka?"

Ungedhani mama mwenye akili angekimbia kwa daktari siku ile ile. Nilimpaka asali na majani. Nikamwambia asimwambie mtu.

Kisha kulikuwa na mkojo. Wenzake wote walishaacha, yeye bado. Tulimpeleka chuo, na kabla ya kumaliza juzuu ya kwanza mkeka wa mwalimu ulikuwa umeloweshwa mara tatu. Mwalimu alimrudisha kwa upole, akatuma salamu kwamba tumlete tena atakapojua kujizuia, maana pale panasomwa Kurani. Niliona haya mpaka nikashindwa kumtazama msichana aliyemleta. Nikaanza kumnyima maji tangu alasiri. Akilowesha, nilimfinya. Nilimfinya paja la kushoto, na hakulia, na kwa kuwa hakulia nilidhani ni ukaidi, nikamfinya zaidi. Sikujua kwamba paja lile lilikuwa halisikii. Nimeomba tauba kwa mengi maishani mwangu, lakini hili nikilikumbuka mkono wangu huwa mzito hata kwenye sahani ya chakula.

Akiwa na miaka minne nilimpeleka hospitali ya hapa mjini. Asubuhi yake nilimwogesha, nikamvisha gauni jipya, nikachukua wembe kidakani nikamnyoa mgongo. Haikuwa mwisho wa mwezi. Nilimnyoa kwa sababu alikuwa anakwenda mbele ya watu. Dresa, msaidizi wa daktari, alimgonga goti kwa kidude cha mpira, akamwambia asimame kwa vidole, akasema huenda ni ule ugonjwa wa kupooza wa watoto na kwamba tumsugue mafuta. Hakumvua gauni. Na hata angemvua, angeona nini?

Tulisugua mafuta miaka miwili. Shee ni fundi wa chokaa, hupaka nyumba za watu tangu alfajiri, na mikono yake ina ganda kama kisugulio. Hata hivyo kila jioni alikaa na mguu ule mapajani, akiuchua taratibu na kumwimbia. Mguu ulizidi kuwa mwembamba. Mwaka wa hamsini na sita akasema, "Hapa tumefika mwisho wa mafuta. Mpeleke Mombasa."

Tulisafiri kabla mvua hazijaifunga barabara, tukafikia kwa wifi yangu katika Mji wa Kale. Hospitalini tulipewa kikadi chenye namba, tukakaa kwenye benchi refu, mama kwa mama, kuanzia saa moja asubuhi. Kwenye mabenchi hayo mtu hujifunza mengi. Utajua nani amekuja mara ya kwanza, kwa sababu humvisha mtoto nguo nzuri. Aliyezoea humvisha nguo inayovuka kichwani upesi. Mimi nilikuwa nimemvisha Barke gauni la vifungo kumi na viwili mgongoni, na chini ya gauni shimizi, na chini ya shimizi ngozi iliyonyolewa asubuhi ile chooni kwa wifi yangu.

Daktari alikuwa Mzungu mrefu mwenye mikono ya baridi. Barke alicheka alipomgusa. Alimtazama miguu, akamchoma kwa pini hapa na pale, kisha akamgeuza. Kidole chake kikashuka kwenye uti, pingili kwa pingili, kikasimama pale pale. Akauliza jambo. Mkalimani, mwanamume wa makamo, akanitafsiria huku akitazama ukutani kwa adabu.

"Yuauliza, mtoto alizaliwa na alama yoyote hapa? Baka, kishimo, au nywele?"

Nilisikia joto masikioni. Nilimwona yule mwanamume akirudi kwao jioni akimhadithia mkewe, na mkewe akiwa na jamaa Amu, maana nani hana jamaa Amu? Nikasema, "Hana. Mgongo wake safi tangu kuzaliwa."

Hakuniuliza mara ya pili. Mama huaminiwa.

Wakasema basi ni mguu tu, unahitaji kunyooshwa. Wakaufunga plasta kuanzia vidoleni mpaka gotini, tukarudi Amu tukae nayo wiki sita. Ilikuwa kaskazi, joto limekaza. Mtoto mwingine angelalamika kwamba plasta inambana. Barke hakulalamika. Wiki ya nne nzi walianza kumfuata. Wiki ya tano harufu ilikuwa imejaa chumba kizima, na Shee akasema hangojei ya sita, akatusafirisha mimi na mtoto. Tulipofika Mombasa na plasta kukatwa, kisigino kilikuwa kimeoza mpaka mfupa ukaonekana mweupe. Barke alikitazama kama kisigino cha mtu mwingine. Mimi ndiye niliyeanguka.

Walimlaza wadini. Siku ya tatu nikashikwa na homa ya malaria, nikalala kwa wifi yangu wiki tatu bila kuweza kusimama. Katika homa ile sikuhofia kisigino, Mungu anisamehe. Nilihesabu siku. Nilijua kwamba nywele zinaota na mimi siko na wembe.

Niliporudi wadini nilikuta pazia limezungushwa kitanda chake. Daktari yuko ndani, na nesi mmoja wa Kitaita, jina lake Wakio. Barke alikuwa amelala kifudifudi kwa utulivu, kama alivyozoea, anangoja. Kishungi kilikuwa kimerefuka kiasi cha ukucha. Wakio ndiye aliyekiona alipokuwa akimwosha.

"Daktari anauliza," Wakio akasema, "hizi nywele zimetoka wapi?"

Pazia lilikuwa limetufunika, mwanamume wa pekee alikuwa yule Mzungu, na hapakuwa tena na kitu cha kuficha. Nikamwambia. Nilimwambia tangu siku ya saba mpaka choo cha wifi yangu. Wakio alipotafsiri, daktari aliketi ukingoni mwa kitanda, akasema maneno machache sana.

"Amesema nini?"

"Anasema angezijua nywele hizi, ile plasta hangeifunga."

Nikajifunika uso kwa buibui. Wakio akanishika kiwiko. "Mama, usilie hapa, mtoto anakutazama. Kama unataka kulia, kuna chumba cha mashuka pale mwisho. Nitakukalia mlangoni." Nikaenda nikalia juu ya mashuka ya serikali, na yeye akakaa mlangoni kama alivyosema, akimwambia kila anayekuja kwamba mashuka yanahesabiwa. Sijui kama aliwahi kujua wema ule ulikuwa na uzito gani kwangu.

Picha za eksirei zikapigwa. Nilivyoelezwa ni kwamba ndani ya uti wa mwanangu kuna mfupa mdogo umesimama kama mwiba tangu tumboni, umeupasua ule ugwe, ile kamba laini inayopita ndani ya uti, na ugwe umenasa hapo. Mtoto anavyorefuka, ugwe unavutwa. Nywele za nje zilikuwa alama ya jambo la ndani. Si kila mtoto mwenye nywele mgongoni ana mwiba, walinambia, wala si kila mwenye mwiba ana nywele, lakini aliye nazo na atazamwe. Mguu wa kulia nao ulikuwa umeanza kuchoka. Atapelekwa Nairobi apasuliwe kuokoa huo wa kulia. Wa kushoto hawakuuahidi.

Ilibidi baba yake atie sahihi, kwa hiyo nikampigia simu ya maandishi aje. Nilimweleza kwenye baraza ya hospitali, tumekaa na chano ya mahamri kati yetu ambayo hakuna aliyeigusa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilimtarajia anipigie kelele, na ningeshukuru.

"Miaka miwili nauchua mguu," akasema. "Mimi ni baba yake, na mgongo wa mwanangu siuyui."

Hakunisemesha tena. Tulipanda treni ya Nairobi, Barke katikati yetu, na kila alichotaka kunambia alimwambia yeye. "Barke, mwambie mamako dirisha lafungika." Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, askari wenye bunduki walipita mabehewani wakitazama vyeti. Shee alitoa vyeti vyetu bila kunitazama usoni. Barke alidhani ni mchezo, akawa anatuletea salamu kutoka upande mmoja wa benchi kwenda wa pili mpaka akasinzia.

Nairobi ilikuwa na baridi kama ya kisima. Walimtia dawa mgongoni wakampiga picha nyingine, wakamlaza kichwa chini miguu juu, na hapo alilia kweli, akiniuliza amefanya kosa gani. Nikamwambia hana kosa. Hilo angalau nililisema. Daktari wa upasuaji alimchorea Shee kwenye karatasi, na Shee aliishika ile karatasi akaigeuza huku na huku, kisha akaelewa kabla yangu. "Ni kama uzi wa timazi ulionaswa na msumari," akasema. "Ukuta wapanda, uzi hautoki. Mwisho wake ni kukatika." Daktari alipotafsiriwa alitikisa kichwa kukubali, akamwomba ile karatasi airudishe, kisha akabadili nia akamwachia.

Siku ya operesheni tulikaa kwenye korido tangu asubuhi. Kulikuwa na mstari wa rangi ya kijani ukutani, nikawa nautazama huo. Nilijua hesabu iliyokuwa mle ndani. Mkono wa daktari ukiteleza, Barke hatembei tena kwa mguu wowote. Usipoteleza, anabaki na mmoja. Ule mwingine nilikuwa nimeunyoa mimi, Alhamisi baada ya Alhamisi.

Adhuhuri ilipofika Shee alisali pembeni, akarudi akakaa karibu zaidi kuliko alivyokuwa amekaa.

"Mimi hupaka chokaa nyumba za watu," akasema, na ndiyo mara ya kwanza alinisemesha mwenyewe tangu Mombasa. "Nyufa zao zote hunionyesha. Ufa wa kwangu mumenificha."

"Nalikosa," nikasema.

"Mulikosa. Wewe na mama." Kisha akatoa mkate mfukoni, akaukata vipande viwili, akanipa kikubwa.

Daktari alitoka alasiri. Mwiba aliutoa mzima. Aliniruhusu niuone kwenye kichupa, kipande cha mfupa kidogo kuliko mbegu ya ndimu. Nilisimama pale na kichupa mkononi nikashindwa kuamini kwamba kitu kile, pamoja na wembe wangu, vimefanya kazi kubwa namna ile.

Tulikaa Nairobi wiki saba. Mguu wa kulia ulipata nguvu zake. Wa kushoto ulibaki ulivyo, mwembamba, haukupungua wala haukuongezeka. Mkojo haukurudi vizuri, na kwa hilo hakuna aliyetudanganya. Muuguzi wa kule alinifunza kumkalisha msalani kwa saa maalumu na kumbonyeza tumbo kwa kiganja, hata kama hasikii haja, maana hataisikia. Nikamuuliza saa zenyewe ni zipi, akanitajia, nami nikaona zinakaribiana sana na adhana. Basi tuliporudi Amu tukafanya hivyo. Kila adhana, Barke msalani kwanza, kisha kutawadha. Tangu hapo siku nyingi hupita akiwa mkavu. Na kila alasiri hukaa kitako nikamtazama nyayo zote mbili, kidole kwa kidole, maana mwiba ukimchoma hatajua. Maji simnyimi. Anakunywa mpaka anacheka.

Shee alimjengea msalani kijikalio cha mawe, akakipaka chokaa, kikawa laini kama sahani. Alikijenga kwa siku moja, naye ni mtu wa kuchelewesha kazi za nyumbani kwake kwa miaka.

Kilichonitia hofu zaidi ni mwalimu wa chuo. Nilimwendea mwenyewe, nikamweleza nyuma ya mlango. Akasikitika. "Ungelinena zamani, mwanangu. Mwenye udhuru hujifunga nguo, hutawadha ukiingia wakati, husali, na sala yake ni sala. Mlete kesho." Miaka miwili Barke alikosa chuo kwa sababu ya swali nililoogopa kuliuliza.

Bi Zaina hakusema neno juu ya mambo haya, wala mimi sikumwomba aseme. Lakini tangu turudi, vitambaa vya Barke huvifua yeye, na miaka yake ile, na akiona nimemtangulia hukasirika siku nzima.

Mtu angesema basi hapo nimejifunza. Mimi mwenyewe nilisema hivyo. Niliutupa wembe, nikaapa kwamba nikiiona alama ile kwa mtoto yeyote nitasema. Kila nilipoalikwa akika nilikaa mbele ili niutazame mgongo wa mtoto, na wanawake wakanicheka, wakasema Bi Mwanaisha ajifunza ukunga uzeeni. Sikuwaeleza. Kovu la Barke bado lilikuwa siri ya nyumba. Watu walijua tu kwamba alikwenda bara kutibiwa mguu.

Mwaka jana tulialikwa akika kijijini Shela, kwa jamaa za Shee. Barke alikuwa na miaka tisa. Chumba kilikuwa kimejaa wanawake, na mbele yangu amekaa Bi Rahema, binamu yake Shee, ambaye wiki mbili kabla alikuwa ameniuliza kwa mzaha usiokuwa mzaha kama Barke nishamwekea mtu, maana mwanawe wa kiume hukua upesi. Bibi mwenye wembe alimaliza kichwa cha mtoto, akamgeuza amfute mafuta. Na pale, chini ya kiuno, palikuwa na nywele. Chache, laini, na katikati yake kishimo.

"Na hizi nazo za tumboni," akasema yule bibi, akalowesha wembe.

Nilifungua mdomo. Wallahi niliufungua. Kisha nikamwona Bi Rahema, na nikaanza kujiambia kwamba nitamfuata mama wa mtoto kando, baadaye, faraghani, kwamba nywele zitarudi tu, hakuna kitakachoharibika leo. Maneno yale nilikuwa nayajua. Ni yale yale.

Barke aliinuka kwenye mkeka kando yangu. Huinuka kwa kushika ukuta, na huchukua muda, na chumba kizima kilimngoja bila kujua kinangoja nini. Akaenda mpaka kwa yule bibi, akamshika mkono wenye wembe.

"Bibi, sinyoe hizo."

"Kwa nini, mwanangu?"

Barke akageuka akanitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kwa muda wa kutosha mtu kusema sentensi moja, na mimi nikainamisha macho kwenye ukili wa mkeka.

Basi akarudi kwangu, akanipa mgongo. "Mama, nifungue."

Gauni lilikuwa la vifungo nyuma. Mikono yangu ilifanya kazi ambayo ulimi haukuifanya. Nilifungua kimoja baada ya kingine mpaka kovu likaonekana lote, refu, la kung'aa, na pembeni yake nywele chache ambazo siku hizi tunaziacha.

"Mimi nalikuwa nazo," Barke akawaambia. "Zalikuwa zikinyolewa. Madaktari hawakuyua, na mguu wangu ukafa. Mwonyesheni daktari kwanza. Akisha, nyoeni."

Mama wa mtoto alimnyakua mwanawe kutoka mkekani akamkumbatia. Bi Rahema alijifunga vizuri buibui lake. Hajaniuliza tena habari ya Barke, na mama wa mtoto yule alikwenda Mombasa wiki ile ile. Ni yeye aliyewaelekeza hao wanaopita mlango wangu wa nyuma.

Tulirudi Amu kwa punda, Barke juu, mimi nikitembea kando kwenye mchanga. Tulipokaribia nyumba za kwanza nikamuuliza, "Hukuogopa?"

"Naliogopa."

"Sasa mbona ulinena?"

Akatazama mbele, akiishika kamba ya punda. "Nalikungoja wewe, mama. Ukakawia."

Nilitembea na neno hilo mpaka mlangoni kwetu, na ningali nalo. Barke alikwishalisahau kabla hajashuka, akaomba maji, nikampa.

Ijumaa iliyofuata kulikuwa na akika mtaa wa Langoni, nyumba ya watu nisiowajua vizuri. Sikualikwa. Nilikwenda.